Siku ya Kuzaliwa na Miaka ya Ndoa: Uhakiki wa Maneno na Desturi

Mabishano juu ya sherehe za siku ya kuzaliwa na za kutimiza miaka ya ndoa yamekuwa mengi miongoni mwa watu wetu, nayo kwa kawaida huishia katika maneno mawili. Wa kwanza husema: hayo ni mambo ya Wazungu, wazee wetu hawakuyajua. Wa pili hujibu: wazee wetu hawakuwa na hesabu ya miaka, basi wangesherehekea nini? Kila mmoja ana sehemu ya haki, lakini wote wawili hawakuuliza kwanza desturi ya zamani ilihesabu nini, wala lugha yenyewe yashuhudia nini. Tutajaribu kuyapima mambo haya kwa kitabu kimoja mashuhuri na kwa maneno machache ambayo kila msomaji anayo kinywani mwake.

Kitabu chenyewe ni *Desturi za Wasuaheli*, kilichopigwa chapa Göttingen, katika nchi ya Ujerumani, mwaka 1903. Jina lililotangulia ni la Carl Velten, aliyekusanya habari. Lakini sehemu iliyo kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin. Tafsiri ya Kiingereza, kazi ya J. W. T. Allen, ilitoka mwaka 1981. Fadhili ya kitabu hiki ni kwamba mwandishi asimulia kama mwenyeji aliyekaa katika shughuli, wala si kama mgeni aliyechungulia. Aanza na mimba na uzazi, apita katika malezi, chuo, jando, unyago na ndoa, hata afike kwenye kifo na matanga. Maisha ya mtu yamepangwa kama safari yenye vituo, na kila kituo kina watu wake na haki zao.

Kasoro zake nazo tuziseme. Kitabu chasimulia ipasavyo kuwa kuliko ilivyokuwa. Kwa mtu asomaye upesi, yaonekana kama kwamba kila nyumba ilikuwa na nguo ya kutoa na mbuzi wa kuchinja. Maskini alifanyaje, hilo msomaji hana budi kulikisia mara nyingi. Tena mambo ya ndani ya wanawake yamesimuliwa na mwanamume. Kasoro hii ya pili tutairudia, kwa sababu ndiyo iliyo na uzito katika shauri letu.

Basi mtu akitafuta katika kitabu hiki sura ya sherehe ya kila mwaka ya kuzaliwa kwa mtu, au ya ndoa kutimiza miaka kadha, hataiona. Je, ni dalili ya kwamba watu hawakujua kuhesabu? La. Hesabu zilikuwako, tena nyingi, ila zilikuwa hesabu za siku, nazo zilianzia kwenye tukio. Mtoto akizaliwa, siku ya saba ni ya akika na ya kunyolewa nywele kwa wenye kuifuata sunna; siku ya arobaini mama hutoka ndani. Bibi arusi na bwana arusi wana fungate yao. Neno hili ni kongwe: katika Kizigua na Kishambaa mfungate ni saba, na Kiswahili kilipochukua saba ya Kiarabu kwa hesabu ya sokoni, kiliiacha saba ya kale katika nyumba ya arusi. Mtu akifa, kuna siku tatu za matanga, na arobaini yake pia. Tazama jinsi neno moja, arobaini, lilivyowatumikia mtoto mchanga na marehemu: wote wawili wamevuka mpaka, na jamaa huwahesabia siku hata mambo yatulie.

Hesabu hizi zafundisha jambo moja. Desturi ya pwani haikusherehekea kurudi kwa tarehe, bali kuvuka kwa mtu kutoka hali moja hata hali nyingine. Na kila kuvuka kulikuwa na deni. Katika ndoa palitolewa mahari, na pamoja nayo vitu vyenye majina ya ajabu kwa asiyejua. Mkaja ni nguo ajifungayo mwanamke tumboni baada ya kuzaa. Bwana arusi huitoa kwa mama wa mke. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Nayo hupewa mama. Kilemba ni haki ya baba, kadhalika ya mwalimu na ya fundi amalizapo kufundisha. Maana yake ni wazi: siku binti aolewapo, ndipo tumbo lililomzaa na mgongo uliombeba vinapolipwa, na vinatajwa kwa majina mbele ya watu. Hata neno hongera, ambalo leo laandikwa juu ya keki, katika kamusi za zamani ni zawadi au ada ya shughuli, hasa ya wale waliowafunza wari. Na kwa umbo lake laonekana kuwa ndugu wa honga na hongo, yaani malipo ya kupita katika nchi ya mtu. Aliyepita salama hupongezwa, na aliyempitisha hulipwa.

Lakini mtu atauliza: je, siku ya kuzaliwa ilisahauliwa kabisa? Haikusahauliwa; iliwekwa katika jina. Juma, Khamisi, Jumanne na Mwanajuma ni siku za juma. Rajabu, Shabani na Ramadhani ni miezi. Idi ni sikukuu. Na mwanamke aitwaye Mwaka ajulikana kwamba jina lake latokana na majira ya Siku ya Mwaka. Bara nako ni vivyo hivyo. Wajaluo humwita Otieno aliyezaliwa usiku, na Okoth aliyezaliwa wakati wa mvua. Julius Nyerere aliitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua kwa Wazanaki, kwa kuwa mvua ilinyesha siku aliyozaliwa. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kukumbushwa siku yake mara moja kwa mwaka. Aitwapo uani, siku yake yatajwa.

Tena, kurudi kwa tarehe kulikuwa na taabu yake. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hata mtu atimizaye miaka 33 kwa jua amekwisha kupata kama 34 kwa mwezi. Siku ya Mwaka nayo, ambayo mpaka leo watu wa Makunduchi huiadhimisha mwezi wa Julai, yafuata mwaka wa siku 365 uliogawanywa kwa miongo, yaani makumi ya siku, kwa ajili ya wakulima na mabaharia. Mtu angesherehekea siku yake kwa hesabu ipi? Siku iliyorudi kwa mwaka ilikuwa ya watu wote: wote waoge pwani, wote wale pamoja. Na kuzaliwa kulikoadhimishwa kila mwaka kulikuwa kwa mmoja tu, Mtume wa Waislamu, katika Mfungo Sita. Hata hivyo maulidi hayo husomwa pia katika akika, katika arusi na katika kuhamia nyumba mpya. Kuzaliwa kwa mmoja kwapamba shughuli za wengi.

Sasa tuyatazame maneno ya sherehe mpya. Siku ya kuzaliwa ni maneno mazuri, tena yana haki kuliko wengi wanavyofahamu. Kuzaliwa ni kitenzi cha kutendewa: aliyezaliwa hakufanya kitu, yuko aliyemzaa. Sarufi yenyewe yamweka mama chumbani. Lakini katika sherehe za siku hizi mtoto huketi mbele, keki hukatwa, watu hulishana, vijana humwagiana maji, na mara nyingi mama yuko jikoni. Sarufi imemkumbuka, sherehe imemsahau.

Kumbukumbu ya ndoa ni maneno tusiyoyasifu. Si kosa la lugha, lakini kumbukumbu katika masikio ya wengi yakaa karibu na marehemu. Mtu huandika kumbukumbu ya baba yake aliyefariki. Wanandoa walio hai wapewe neno la walio hai: kutimiza miaka ya ndoa lafaa zaidi, kwa kuwa kutimiza ni kazi, na kazi hiyo imefanywa na watu wawili.

Jubilei ni neno la safari ndefu. Asili yake ni Kiebrania, nalo latokana na jina la pembe ya kondoo iliyopigwa kutangaza mwaka wa hamsini, kama isemavyo sura ya 25 ya Walawi. Kwetu lilisikika sana kwanza kama neno la wakuu: mwaka 1935 Mfalme George wa Tano alitimiza miaka 25 ya enzi, na mwaka 1946 Aga Khan wa Tatu alipimwa kwa almasi katika Dar es Salaam. Baadaye likashuka hata nyumba za watu, hasa Wakristo, ambao huenda kanisani kubarikiwa tena baada ya miaka 25 au 50. Kwa neno hili hatuna ugomvi, kwa maana pwani yetu yaijua pembe. Siwa za Pate na Lamu, ya pembe za ndovu na ya shaba, zilipigwa katika arusi na tohara za nyumba kubwa. Na habari za Pate zasimulia jinsi Mwana Darini alivyonyimwa siwa alipotaka kumfanyia mwanawe sherehe ya tohara, akaamuru ichongwe nyingine. Mama yule alijua kwamba mtoto asiyetangazwa hajavuka.

Na fungate? Wako waitumiao leo kwa safari ya wanandoa wapya kwenda hotelini, peke yao. Hapo neno limegeuzwa kinyume. Fungate ilikuwa siku saba ambazo jamaa huwapelekea maarusi chakula. Haikuwa kuwakimbia jamaa.

Hapo juu tumeisifu desturi ya zamani. Sasa tuirudie kasoro yake. Hebu msomaji aihesabu ndoa kwa hesabu ya zamani. Mwanzo wake una siku saba za fungate. Mwisho wake, mume akifa, una eda ya miezi minne na siku kumi, ambayo mjane huikalia ndani. Katikati je? Katikati hamna hesabu. Mwanamke aliyekaa na mume miaka thelathini, akazaa, akazika, akalea watoto wa wifi zake pamoja na wake, hakuwa na siku hata moja ambayo watu walikusanyika kumwambia: umefanya. Alipewa heshima alipoingia, na akahesabiwa siku alipofiwa. Kudumu kwake hakukuwa na jina wala nguo. Mkaja ulikwenda kwa mama yake. Wake yeye aliungoja mpaka binti yake aolewe, na asiye na binti hakuupata. Kitabu cha 1903 hakilioni pengo hili, nasi hatustaajabu, kwa kuwa mwenye kalamu hakuwa yeye aliyeketi katika pengo.

Kwa hiyo wasemao kwamba sherehe ya kutimiza miaka ya ndoa ni upuuzi wa kuiga, wasidhani wameitetea heshima ya wazee. Wametetea pengo. Kufika mwaka wa 25 si jambo dogo kuliko kufika siku ya saba, na desturi iliyojua kumlipa kila mtu kwa kazi yake ilipaswa kulipa na hiyo.

Lakini sherehe mpya nayo ina deni lake. Yahesabu miaka vizuri, na wadai haiwajui. Kadi za michango huzungushwa, ukumbi hukodiwa, msema chochote hupewa kipaza sauti, na yule mkunga, shangazi aliyelea, mshenga aliyekwenda na kurudi mara nne, hawatajwi, au huketi nyuma pamoja na watoto. Bibi asiyejua tarehe aliyozaliwa, ambaye husema tu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige, hukaa miaka yote akiwapigia wajukuu makofi, na yeye hapigiwi hata mara moja. Na afanyaye sherehe kwa mkopo ili asichekwe amerudi katika kosa lile lile la kitabu: amedhani desturi ni kwa wenye nguo tu.

Hukumu yetu basi ni hii. Siku hizi mbili zipokewe, zikiwa zimevikwa nguo za kwetu. Katika siku ya mtoto, zawadi ya kwanza na iwe ya mama yake, hata ikiwa leso moja, nayo iitwe mkaja, kwa maana jina hilo lingali na kazi. Katika kutimiza miaka ya ndoa, kabla ya keki, watajwe kwa majina waliowavusha wale wawili, walio hai na waliokufa. Kisha mke na mume watajwe kwa waliyoyatenda, wala si kwa mavazi waliyoyavaa. Na bibi wa mwaka wa nzige achaguliwe siku na wajukuu wake, iwe Siku ya Mwaka au nyingine yoyote. Tarehe yake imepotea. Kuzaliwa kwake hakukupotea, maana watu wote waliomo uani ni ushahidi wake.