Jemadari wa Sakafuni: Kumsoma H. G. Wells kwa Kucheza

Mwaka 1913, mwaka mmoja kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu kidogo cha kanuni za kupigana vita sakafuni kwa askari wa kuchezea. Ndiyo, ni yuleyule wa The Time Machine na The War of the Worlds. Wapenzi wengi wa Wells hawajakigusa, na wanaokigusa ni wachezaji wanaotafuta kanuni, maneno mengine wanayaruka. Mimi nilikisoma kama fasihi, nikaona hapana, hiki hakisomeki kwa kukaa kitini. Nikampigia rafiki yangu: njoo Jumamosi tupigane.

Chanzo cha mchezo ni mzinga wa kuchezea wenye springi, unaorusha kipande kidogo cha mti na kuangusha askari kwelikweli. Wells anasimulia kwamba huko Sandgate, baada ya chakula cha mchana, rafiki yake anayemtaja kwa herufi J.K.J. tu alianza kuwalenga askari, na watu wazima wakajikuta magotini. Sisi mzinga hatukuwa nao. Tulitumia rababendi na njiti za kiberiti. Jeshi letu lilikuwa vizibo vya soda vya rangi mbili, kama kwenye drafti: vilivyofunikwa ni askari wa miguu, vilivyolala chali ni wapanda farasi. Kamusi mbili nene zikawa milima.

Kanuni zake ni kali na zinapendeza. Askari wa miguu anakwenda futi 1, farasi futi 2. Mzinga usio na watu 4 karibu nao ni chuma tu. Kabla ya vita mnatenganishwa na pazia ili kila mmoja apange kikosi kwa siri, na kila zamu inapimwa kwa saa, kwa hiyo unakosea kwa haraka zako mwenyewe. Hakuna dadu. Huna wa kumsingizia.

Lakini kilichonifanya niandike ni sura inayosimulia pambano moja, la Hook's Farm. Wells anaanza kama mchezaji wa kawaida, halafu ghafla sauti inabadilika: anayeongea sasa ni Jenerali H.G.W. wa Jeshi la Bluu, mzee wa vita anayejisifu, anayembeza adui, anayeona makosa ya wote isipokuwa yake. Ni kichekesho kizuri kuliko riwaya zake kadhaa. Nacheka, halafu nashtuka, maana mpinzani hapewi hata mstari mmoja wa kujitetea. Jeshi Jekundu lina kamanda, ila halina msimulizi.

Sasa, sura ya mwisho inageuka kuwa hoja ya amani. Wells anadai kwamba ukicheza mara tatu au nne utaona vita halisi ni upumbavu mkubwa mno. Hapo ndipo siamini. Mimi nilicheza mara tatu, nikataka ya nne. Na nilipomsimulia mke wangu jinsi nilivyolikamata daraja, rafiki yangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza taratibu, "Kaka, mbona husemi ulivyopiga farasi zako mwenyewe?" Nilikuwa nimesahau. Sikudanganya, yaani nilikuwa nimesahau kabisa. Jenerali H.G.W. alishaingia kifuani.

Nadhani hata kitabu chenyewe kinajishuhudia. Katika nyongeza Wells anasema wanajeshi wamemwandikia barua za kirafiki licha ya ule mlipuko wake wa amani, naye anakaa nao kufikiria mchezo mkubwa zaidi wa kufundishia maofisa. Kumbe hawakuona cha kuwatisha. Na 1914 ilipofika, mwandishi huyuhuyu alitoa The War That Will End War, akiiunga mkono vita ile kwa jina lake lote.

Rafiki yangu hakuwa na shida na hayo. Swali lake lilikuwa la mtu wa Dar. "Hawa wanakula nini? Nani anawabebea hizo njiti?" Mchezo wa sakafuni hauna mgongo wa mtu chini ya mzigo. Vita hiyohiyo ilipofika Afrika Mashariki, waliokuwa chini ya mzigo walikuwa wengi kuliko wenye bunduki, wakafa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Sisi tunapanda daladala kwenda Kariakoo kila siku, na jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, lililotafunwa na vinywa vyetu.

Basi Jumamosi iliyofuata tuliongeza kanuni ambayo Wells hakuiweka: kila mzinga uwe na vizibo 6 vya wapagazi visivyopiga wala kuua, na wakipungua chini ya 3 mzinga unanyamaza. Mchezo ukawa mzito, unachosha. Uzuri wote wa Hook's Farm ukayeyuka. Ilipofika saa kumi jioni nilikuwa nimeacha kuwahesabu wapagazi wangu, nawaza daraja tu. Mwenzangu alikuwa bado anawahesabu wa kwake, mmoja mmoja, kwa kidole.