Eya Klina ya Koni Kwenye Vumbi la Momba

Kwenye vijiwe vya bodaboda, kuanzia Tunduma mpaka Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba, kuna ushauri ambao haukosi mtu wa kuutetea: ukitaka pikipiki ichanganye upesi na isilie kwenye mlima, tupa boksi la hewa la kiwandani, funga eya klina ya wazi, ile yenye umbo la koni. Asiye na hela ya koni hutoboa boksi kwa msumari wa moto, au huchomoa sponji akaitia kapuni. Wote watakuapia kwamba pikipiki imebadilika. Sina sababu ya kuwaita waongo, kwa kuwa mara nyingi imebadilika kweli. La kuuliza kifundi ni hili: kilichobadilika ni nini hasa, na bei yake inalipwa lini?

Tupige hesabu kwanza. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 150 zinazobeba abiria na magunia katika nchi hii zina injini yenye asili ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 ikiwa imekusudiwa nchi ambako barabara ni mbaya, mzigo ni mkubwa na huduma ya fundi hupatikana kwa kubahatisha. Wachina waliongeza kipenyo cha silinda kutoka milimita 56.5 hadi 62, mwendo wa pistoni wakauacha 49.5, ujazo ukafika cc 149.4. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, inavuta mara 2,500. Silinda ingekuwa inajaa sawasawa kila mara, hizo ni lita 373 kwa dakika. Haijai, kwa hiyo tuseme 300. Saa moja ya kazi nzito ni lita 18,000 za hewa kupita kwenye kipande cha sponji cha kushika mkononi.

Ukisikia namba hiyo unaweza kudhani sponji inaibana injini vibaya. Haiibani. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa kwenye mwinuko huo ni kilopaskali 84 hivi. Pwani ni 101. Tukadirie kwamba sponji safi, moto, yaani mkono wa kuongeza kasi, ukiwa umevutwa mpaka mwisho, inapoteza kilopaskali 1 nzima. Hapo nimewapendelea wauza koni. Ukiiondoa sponji hiyo kabisa, unarudishiwa kama asilimia 1.2 ya hewa. Chukua mfano wa pikipiki ya Boxer BM150: hutoa nguvu farasi 12 hivi kwa mizunguko 7,500. Asilimia 1.2 ya hizo ni moja ya saba ya farasi mmoja. Abiria akivua koti ukaliacha nyumbani, pengine umepata zaidi ya hapo.

Tena faida hiyo ipo tu moto ukiwa umefunguliwa wote. Ukienda nusu moto, kinachoizuia hewa ni slaidi ya kabureta unayoiongoza mwenyewe kwa kiganja. Sponji ikizuia kidogo, wewe bila kujua unavuta moto unywele mmoja zaidi, mambo yanakuwa sawa. Bodaboda anayezunguka mjini Tunduma kati ya foleni ya malori ya mpakani na stendi hufungua moto wote kwa nadra sana.

Sasa linganisha na kile ambacho mwinuko umekwisha kuchukua. Kwa mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 14 kuliko ya pwani, na nguvu ya injini hupungua karibu kwa kiasi hichohicho. Pikipiki inayosifiwa Dar es Salaam kwa farasi 12 inafika Tunduma na farasi 10 na kidogo. Hakuna eya klina duniani inayorudisha asilimia 14 hizo.

Basi kile wanachokihisi madereva kinatoka wapi?

Kinatoka kwenye petroli. Kabureta za slaidi kama PZ27, ambazo ndizo hufungwa kwenye injini hizi za CG, hazijui ziko mwinuko gani. Tundu la jeti, linalopitisha petroli, ni lilelile Kariakoo na lilelile Tunduma. Hewa inapopungua uzito kwa asilimia 14, petroli inayofyonzwa haipungui kwa kiasi hicho, kwa sababu mtiririko wake hufuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa. Hupungua kwa asilimia 7 tu. Kabureta iliyopangwa pwani itoe kilo 13 za hewa kwa kila kilo ya petroli, ukiileta Tunduma inatoa kilo 12 na kidogo. Injini inalishwa petroli nyingi kuliko inavyoweza kuichoma. Inakuwa nzito kuitikia, inamisi ukivuta moto ghafla, plagi inajaa masizi meusi, na tangi linakauka mapema.

Sponji ikichafuka, hali hiyo inazidi. Bakuli la kabureta linapumua hewa ya nje moja kwa moja, ilhali koo la kabureta linavuta kupitia sponji. Sponji ikiziba, tofauti ya mgandamizo kati ya bakuli na koo inakua, na petroli inasukumwa kwa nguvu zaidi kupitia jeti. Kwa hiyo pikipiki ya Momba mwezi Septemba, ambayo sponji yake haijaguswa tangu mvua zikatike, inabeba mizigo miwili ya petroli ya ziada: wa mwinuko na wa uchafu.

Mchomolee sponji dereva wa pikipiki hiyo. Mvuto kwenye koo unashuka, petroli inapungua, mchanganyiko unarudi karibu na 13. Pikipiki inachangamka papo hapo! Naye anaisifu koni kwa hewa nyingi iliyoingia, ilhali kazi kubwa imefanywa na petroli iliyopungua. Mngurumo nao unatia chumvi: boksi la kiwandani, pamoja na kuchuja, huzima sauti ya mvuto wa hewa, na ukilitoa injini inanguruma karibu na goti lako. Sikio humwambia mtu kwamba anakwenda kasi hata saa ya mkononi ikikataa.

Punguzo hilo la petroli unaweza kulipata bure, boksi likiwa mahali pake. Ndani ya kabureta kuna sindano inayoning'inia kwenye slaidi kwa klipu ndogo, na juu ya sindano kuna mikato, kwa kawaida mitano. Ukiipandisha klipu mkato mmoja, sindano inashuka ndani ya jeti na petroli inapungua kwenye mwendo wa kati, yaani robo moto hadi robo tatu, ambako bodaboda anashinda kutwa. Kama tatizo liko moto wote ukiwa wazi, dawa ni jeti kuu yenye tundu dogo kwa namba moja. Fundi yeyote wa Tunduma anaimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Plagi ndiyo shahidi: baada ya safari ndefu ya mzigo ifungue uitazame. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mmepatia. Ikiwa nyeupe kama chokaa, mmepitiliza, rudisheni klipu haraka.

Weupe huo ndio hatari ya koni. Klipu unapunguza kwa hatua unayoijua. Koni inapunguza petroli kwa kiasi ambacho hakuna aliyekipima, na kwenye baadhi ya kabureta, hasa zile ambazo slaidi yake huinuliwa na mvuto wa hewa badala ya kamba, upepo usiotulia mbele ya koo huleta kigugumizi ambacho hakiishi kwa jeti yoyote. Halafu kuna jiografia ya wilaya yenyewe. Momba ni nyanda za juu upande wa Tunduma, kisha ardhi inashuka kuelekea Kamsamba na bonde la Ziwa Rukwa, ambalo liko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka mita 1,500 hadi 800 hewa inaongezeka uzito kwa asilimia 7. Joto la bondeni hula sehemu ya ongezeko hilo, lakini halilimalizi. Injini iliyokwisha kukaushwa, yaani kupunguziwa petroli, kupita kiasi Tunduma, huko chini inakauka zaidi, na huko ndiko inakobebeshwa magunia ya mpunga kwenye mchanga, kwa gia ndogo, bila upepo wa kuipoza. Pistoni hazipendi kabisa mazingira hayo.

Hata hivyo joto si adui mkubwa. Adui ni vumbi, na ndilo lililofanya eya klina ibuniwe.

Barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga ina lami, lakini ukiiacha kuingia vijijini unakuta changarawe na udongo mtupu, na kiangazi lori moja likikutangulia hulioni tena, unaona wingu tu. Ndani ya wingu hilo mna silika, madini ya mchanga, ambayo ni magumu kuliko chuma cha silinda. Chembe unazoziona kwa macho si za kutisha sana. Zinazoua ni za mikroni 5 hadi 20, ndogo mara kadhaa kuliko unene wa unywele, kwa sababu ndizo zinazoenea kwenye utando wa oili kati ya ringi na silinda. Hapo zinafanya kazi ya msasa. Ringi zinalika, mgandamizo unashuka, oili inapanda juu ya pistoni na moshi wa bluu unaanza kumfuata dereva. Zingine zinashuka kwenye oili na kuendelea kusaga mashine nzima.

Walioonja somo hili si bodaboda peke yao. Mwaka 1942 Wamarekani walikijaribu kifaru cha Wasovieti aina ya T-34 kwenye uwanja wa Aberdeen, jimbo la Maryland. Injini yake ya dizeli iliharibika baada ya kilomita 343. Walipoifungua walikuta vumbi limeiingia kupitia eya klina duni na kula silinda na pistoni. Kifaru kilichotikisa vita vizima kikashindwa na vumbi!

Kwa haki, si kila eya klina ya badala ni takataka. Kampuni ya K&N ya California, iliyoanza mwaka 1969, ilijipatia jina kwa vichujio vya pamba yenye oili, na kichujio cha namna hiyo kikipakwa oili vizuri kinafanya kazi inayoeleweka. Kipo pia kipimo cha kimataifa, ISO 5011, ambacho hupima mambo matatu kwa pamoja: kichujio kinazuia hewa kiasi gani, kinakamata vumbi kiasi gani, na kinabeba vumbi kiasi gani kabla ya kuziba. Mtengenezaji anayejiamini hutoa namba zote tatu. Koni zinazoning'inia madukani zikiwa na wavu mwekundu na kibandiko kinachong'aa hazina hata moja. Ukiiinua mbele ya jua ukaona mwanga unapenya, ujue na vumbi litapenya.

Wanaopinga watasema: mbona nilipobadilisha tu, hata ulaji wa mafuta ulipungua? Hilo nalo lina jibu. Mwaka 2009 Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani iliyapima magari yenye vichujio vilivyoziba dhidi ya vichujio vipya. Magari ya kisasa ya mfumo wa kompyuta hayakupunguza ulaji, ila yalichanganya upesi zaidi. Gari la zamani la kabureta ndilo lililookoa petroli, kati ya asilimia 2 na 6. Pikipiki zetu zimo kwenye kundi hilo la kabureta. Lakini angalia kilicholinganishwa: kichafu na kisafi. Anayetoa sponji iliyojaa udongo wa miezi minne akafunga koni mpya, amelinganisha uchafu na usafi, halafu sifa akaipa koni. Angeifua sponji yake tu angepata kilekile.

Kuifua kwenyewe ni kazi ndogo, ila wengi wanaikosea. Petroli huilegeza sponji na gundi yake, achilia mbali hatari ya moto. Tumia mafuta ya taa au maji ya uvuguvugu yenye sabuni, minya kwa kiganja bila kuipotoa, anika kivulini mpaka ikauke kabisa. Kisha itie oili ya gia, minya tena mpaka ibaki na unyevu tu. Hatua hii ya oili ndiyo inayorukwa sana, nayo ndiyo inayokamata zile chembe ndogo. Sponji kavu huzuia majani na wadudu, vumbi laini linapita. Eya klina ya karatasi haifuliwi wala haipakwi oili: ipukute, ikichakaa ibadilishe. Kagua pia mpira unaounganisha boksi na kabureta, maana ukiwa na ufa, hewa itapita hapo bila kuchujwa hata uwe na sponji ya dhahabu. Kwa kiangazi cha Momba, kila wiki si mara nyingi mno.

Na kwa yule ambaye kweli anataka pikipiki ipande na mzigo wa ufuta au mahindi bila kulia, fedha ya koni aipeleke kwenye sproketi. Kama ya mbele ina meno 15, akiweka ya meno 14 mvuto kwenye gurudumu la nyuma unaongezeka kwa asilimia 7 katika kila gia, Tunduma na Kamsamba vilevile. Atapoteza kasi kidogo kwenye lami na injini itazunguka zaidi kwa mwendo uleule, lakini ringi zake atakuwa nazo mwakani.