Bata Mzinga Mmoja, Nyama Mbili

Kidari cha bata mzinga kikifika nyuzi 66 hivi za Selsiasi huwa kimelainika na bado kina maji yake. Kikipanda hadi 80, protini zake hujikaza na kuyakamua maji hayo, na hakuna mchuzi utakaomiminwa juu ukayarudisha. Mapaja ya ndege huyohuyo, kwa nyuzi hizo 66, hayatafuniki. Yamejaa kolajeni, ile tishu ngumu inayofunga misuli pamoja, nayo huanza kuyeyuka na kuwa jelatini vizuri nyama ikishapita nyuzi 75 au 80 na kubaki hapo kwa muda. Kwa hiyo anayemwingiza ndege mzima ndani ya oveni anaomba kazi mbili zinazopingana zifanyike kwa moto mmoja. Ama mapaja yataiva na kidari kikauke, ama kidari kitaokoka na damu ionekane kwenye kiungo cha paja.

Nataka kuchambua upishi mmoja uliolikabili jambo hili kwa kisu kabla ya moto. Ulifanyika Arusha, Krismasi, jikoni kwa dada yangu, kwa dume lililofugwa uani ambalo baada ya kunyonyolewa na kutolewa matumbo lilikuwa na kilo 6. Vifaa vilikuwa vya nyumba ya kawaida: oveni ndogo ya umeme ya kuweka mezani, jiko la mkaa, sufuria nzito yenye mfuniko, na kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama. Hicho cha mwisho wengi hawana, na kwa maoni yangu ndicho cha kununua kwanza kuliko oveni yenyewe.

Tuanze na umri, maana hapo ndipo mapishi mengi ya kigeni yanapowapoteza watu wetu. Bata mzinga wa madukani Marekani ni mweupe, mwenye kidari kipana, aliyezalishwa kwa kuchaguliwa vizazi kwa vizazi hadi madume yamekuwa mazito kiasi cha kushindwa kupanda majike, na uzazi unafanywa kwa kupandikiza mbegu. Huchinjwa akiwa na miezi mitatu, minne, mara chache mitano. Wa kwetu anayezunguka uani hufika Krismasi akiwa na miezi minane, mwaka, au zaidi, na muda wote huo ametembea. Kidari chake ni chembamba, hivyo kinaiva upesi. Miguu yake imefanya kazi, hivyo inahitaji muda mrefu zaidi. Pengo kati ya nyama hizo mbili, ambalo kwa ndege wa kiwandani ni dogo, kwake ni kubwa. Anayefuata saa zilizoandikwa kwa ajili ya ndege wa miezi minne atapata kidari kikavu na paja gumu katika sinia moja, halafu aseme bata mzinga si nyama.

Dume lilichinjwa tarehe 23 asubuhi, wala halikuachwa hadi alfajiri ya sikukuu. Misuli ya ndege aliyechinjwa hukakamaa muda mfupi baada ya kufa, kisha hulegea taratibu kadiri saa zinavyopita. Nyama inayopikwa ikiwa katikati ya kukakamaa hubaki ngumu hata ukiichemsha sana. Kuku mdogo anaweza kuvumilia haraka hiyo. Bata mzinga mwenye misuli mikubwa hawezi. Usiku mmoja kwenye friji ndio kiasi cha chini kabisa ninachoweza kumshauri mtu. Maji ya kumnyonyolea nayo hayakuachwa yachemke. Nyuzi 60 hadi 65 zinatosha kulegeza manyoya, ilhali maji yanayotokota huipika ngozi, na ngozi iliyopikwa huchanika manyoya yakivutwa.

Kisha kukata. Bibi, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mchele, hakufurahi. “Mwanangu, bata mzinga anakatwaje vipande kama kuku wa mchuzi? Si aende mezani mzima watu wamwone?” Dada alimjibu, “Bibi, kidari nitakuletea kizima na ngozi yake. Miguu utaila bila meno kukuuma.” Bibi ana haki ya kutaka hivyo. Picha ya ndege mzima katikati ya meza imesambaa duniani, na hakuna iliyoisambaza kuliko ile ya mchoraji Norman Rockwell iliyochapwa kwenye jarida la Saturday Evening Post mwaka 1943. Lakini picha haina jotoridi. Hata huko Marekani wapishi wengi makini sasa humkata uti wa mgongo na kumlaza bapa kabla ya kumwoka, ili mapaja yakae wazi kwenye moto na kidari kisitangulie, au huzitenga kabisa sehemu zake kama ilivyofanyika hapa.

Mapaja yalitolewa kwenye kiungo cha nyonga, yakatenganishwa na vigimbi. Mabawa yakakatwa. Uti wa mgongo na shingo vikawekwa kando kwa supu. Kidari kikabaki kizima juu ya mfupa wake, maana mfupa na ngozi hupunguza kasi ya joto upande mmoja na kuizuia nyama isijikunje.

Kwenye vigimbi kulikuwa na kazi moja ambayo wachinjaji wazoefu huijua na wapishi wengi huisahau. Kano za mguu wa bata mzinga mzima hukomaa kuwa mfupa. Ni ngumu kama waya, na hakuna saa za kuchemsha zitakazozilainisha. Dada alikata ngozi peke yake kuzunguka kifundo, akazifichua kano zikiwa nyeupe zinazong’aa, akaingiza ncha ya msumari mnene uliooshwa chini ya moja moja na kuivuta kwa kuizungusha. Zilitoka ndefu, zikiiacha nyama bila kuichana. Kifundo kilikatwa baada ya hapo. Ukikikata kwanza, kano hurudi ndani na huna tena pa kuzishikia.

Nyama haikuoshwa tena baada ya hapo, wala haikusuguliwa kwa ndimu chini ya bomba. Najua wengi watashtuka. Maji yanayogonga nyama mbichi ya ndege hurusha matone yenye bakteria hadi kwenye vyombo na kachumbari iliyo jirani, na ndimu haiwezi kuua Salmonella aliyeingia kwenye mikunjo ya nyama. Kinachomuua ni moto. Ilipanguswa kwa karatasi ya jikoni, basi.

Chumvi ilipakwa jioni hiyohiyo: gramu 10 kwa kila kilo, yaani gramu 60 kwa ndege wote, ambazo ni vijiko vikubwa vitatu vya chumvi laini na kidogo juu. Haikuyeyushwa kwenye maji. Mbinu ya kupaka chumvi kavu siku kadhaa kabla ilipata umaarufu kupitia Judy Rodgers wa mgahawa wa Zuni Café, San Francisco, aliyeitumia kwa kuku na kuieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 2002. Mwaka 2006 Russ Parsons wa gazeti la Los Angeles Times akaihamishia kwa bata mzinga, na tangu hapo wapishi wengi wa nyumbani wameachana na ndoo za maji ya chumvi. Kinachotokea ni hiki: kwa saa za mwanzo chumvi huvuta maji nje, na juu ya ngozi utaona jasho. Maji hayo huyeyusha chumvi, kisha hunyonywa tena taratibu kuingia ndani. Huko chumvi hulegeza baadhi ya protini za misuli, hivyo joto likija hazijikazi kwa nguvu ileile na maji mengi hubaki. Ndoo ya maji ya chumvi nayo huongeza maji, lakini ni maji ya bomba, na ladha ya nyama hufifia. Vipande vilikaa kwenye friji bila kufunikwa hadi siku ya sikukuu, kwenye rafu ya chini kabisa ili visidondokee chakula kingine. Kufikia asubuhi hiyo ngozi ilikuwa imekauka kabisa, na ngozi kavu ndiyo inayokakamaa ikawa nyekundu na yenye kuvunjika mdomoni.

Miguu ilianza kupikwa mapema, kidari baadaye. Vipande vya miguu na mabawa vilikaangwa kwanza kwenye mafuta kidogo, ngozi chini, hadi vikawa vya kahawia iliyokolea. Kukaanga huko hakufungi maji ndani ya nyama. Dhana hiyo ilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19, na ingali hai jikoni ingawa imeshakanushwa. Nyama iliyokaangwa hupoteza maji kama nyingine. Faida yake ni ladha, ile inayozaliwa protini na sukari zikikutana na joto kali pasipo maji. Kwenye mafuta hayohayo viliingia vitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari nyembamba na nyanya chache, kisha tui jepesi hadi nusu ya kimo cha nyama, mfuniko, na mkaa uliopunguzwa.

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwa nyuzi 95. Nairobi, karibu mita 1,800, ni 94. Mombasa na Dar es Salaam ni 100. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndani ya sufuria ndiyo joto la juu kabisa ambalo mchuzi unaweza kufika, hata uongeze mkaa kiasi gani. Miguu ya ndege mzee ambayo pwani ingelainika kwa saa mbili ilichukua karibu tatu. Sufuria ya presha hupandisha joto hilo na kuukata muda huo zaidi ya nusu, nami sioni aibu yoyote kuitumia. Tui zito liliingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, ili lisikatike. Kipimo cha kuiva hapa hakikuwa nyuzi: uma uliingia kwenye paja na kuzunguka bila kuvuta nyama.

Kidari kiliingia kwenye oveni ya nyuzi 180, ngozi juu, kimepakwa samli. Hakikumwagiwa mafuta kila mara, kwa sababu kila mlango ukifunguliwa joto la oveni ndogo huanguka na ngozi hulowa. Kipimajoto kilichomwa mahali penye unene mkubwa bila kugusa mfupa, maana mfupa hudanganya. Kilitolewa kikiwa nyuzi 70. Mamlaka za Marekani zinapendekeza 74 kwa nyama yote ya ndege, kwa sababu katika joto hilo Salmonella hufa mara moja. Katika nyuzi 66 naye hufa, ila nyama lazima ikae hapo kwa dakika tano hivi. Kidari hiki kilipumzishwa juu ya ubao karibu nusu saa, na joto lililokuwa pembeni likaendelea kuingia ndani hadi kipimajoto kikasoma 74. Asiye na kipimajoto asijaribu kukadiria kwa macho. Apike hadi maji ya ndani yatoke meupe kabisa, akubali ukavu kidogo, na aikate nyama nyembamba.

Kukata kwenyewe kulifanyika kwa kuutoa kila upande mzima kwenye mfupa wa kifua, kisha kuukata kwa kukingama na nyuzinyuzi zake. Wengi hukata kidari kikiwa bado kwenye mfupa, kisu kikifuata nyuzinyuzi, na kila kipande humfikia mlaji kikiwa na kamba ndefu za kutafuna.

Nyumba isiyo na oveni inaweza kukipika kidari hiki kwa kupalia, kama wali unavyopaliwa: sufuria nzito, vijiti au kigae chini ili nyama isiguse chuma, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Moto wa juu ndio unaoipa ngozi rangi. Kasi yake haitabiriki, kwa hiyo kipimajoto kichomwe mapema na mara kwa mara.

Supu ya uti wa mgongo na shingo ilikuwa ikichemka pembeni tangu asubuhi. Mifupa ya kidari ikaongezwa humo baada ya kula, moto ukaachwa mdogo hadi usiku. Kesho yake jelatini ilikuwa imeigandisha ndani ya friji, na dada aliipikia pilau badala ya maji, vipande vya nyama vilivyobaki vikiingizwa wali ulipokuwa unapaliwa, si kabla.