"Uwanja Haukuwa Rafiki" Siyo Uchambuzi

Wachambuzi wetu wa soka wana sentensi moja inayofunga kila mjadala: "uwanja haukuwa rafiki." Hebu tuibane kidogo, msomaji. Haukuwa rafiki kwa nani, na kwa kiasi gani?

Chukua fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, tarehe 25 Julai 2021, Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma. Simba waliifunga Yanga 1-0, goli la kichwa la Taddeo Lwanga kutokana na kona. Ukitaka kusema uwanja ndio ulioamua, una kazi. Timu zote mbili zilikanyaga nyasi zilezile, Yanga walibaki kumi baada ya kadi nyekundu ya Mukoko Tonombe kipindi cha kwanza, na mpira wa goli ulipita hewani. Mambo mawili yakibadilika kwa pamoja, huwezi kujua lipi limeleta matokeo. Hilo maabara hatusamehewi.

Simaanishi kwamba uwanja si kitu. Waulize wachezaji wa bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito uangushe pini kumi. Njia yao hupakwa mafuta yasiyoonekana kirahisi: penye mafuta mpira unateleza, pakavu unashika na kupinda. Ila kwenye mashindano makubwa wanapewa mapema mchoro wa mafuta, urefu wake na wingi wake, wanachagua mpira na mstari wa kurusha kwa vipimo.

Soka nayo ina kipimo. Kwa nyasi bandia za daraja la juu, FIFA hutaka mpira ulioachiwa kwenye mteremko wa kimo cha mita 1 uviringike mita 4 hadi 8. Uwanja wa mita 4 una ukinzani mara mbili ya ule wa mita 8, kwa hiyo pasi ya chini ya umbali uleule inahitaji kasi ya mwanzo ya kama mara 1.4. Huo sasa ni uchambuzi: kocha anajua awaambie vijana wakaze pasi, wasogeleane, au wapitishe juu.

Uko Katubuka? Tafuta ubao, mpira na futi ya fundi. Pima kiwanja cha vumbi kilichoshindiliwa, kisha cha nyasi. Kuna mtoto aliyekulia kwenye vumbi, siku ya majaribio pasi zake zinaishia njiani, anaambiwa hana kipaji. Kabla ya kumrudisha nyumbani, mtu apime uwanja.