Sifa kwa Waashi wa Mkunazini

Watu huingia Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, kwa ajili ya soko la watumwa, na wana haki. Pale waliuzwa binadamu hadi Juni 1873, Sultani Barghash alipokubali mkataba wa kulifunga. Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Ukishaonyeshwa madhabahu na msalaba wa mti wa Chitambo, ulikozikwa moyo wa Livingstone, unahesabiwa umemaliza. Mimi nakuomba uinue macho.

Paa lile halina boriti hata moja. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu mkoko una urefu wake: boriti ikifika mita tatu hivi imechoka, na chumba hutii. Askofu Edward Steere alitaka ukumbi mpana, basi waashi wakapinda kuba lenye umbo la pipa lililopasuliwa, kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji. Kuta ni kazi ya pwani ya tangu zamani: mawe ya matumbawe yasiyolingana, kila moja na pembe zake, yamezamishwa katika chokaa iliyochomwa, ikazimwa kwa maji, ikaachwa iive. Mwenye haraka haiwezi kazi hiyo.

Husimuliwa kwamba nguzo kadhaa zilisimamishwa kichwa chini, askofu akiwa safarini. Wageni hucheka. Haya, chekeni, ila zimesimama mpaka leo.

Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Kule Mbweni, walikokaa watumwa walioachwa huru, kanisa la Mtakatifu Yohana lina makaburi yake, na miongoni mwao limo la mwalimu Caroline Thackeray, aliyefariki 1926. Majina ya waashi wa Mkunazini sijayaona kwenye jiwe lolote, nami naliona hilo ni deni.

Deni hilo tunaliongeza wenyewe kila tunapokarabati kuta za aina hiyo kwa saruji. Saruji ina mahali pake, kama kwenye kuba lile, lakini ukuta wa chokaa ukipigwa lipu ya saruji hushindwa kupumua. Unyevu na chumvi hunaswa ndani, jiwe likamumunyuka taratibu. Wewe mwenye nyumba kongwe, au msikiti, au kanisa la aina hii, mtafute fundi wa chokaa angali na nguvu, umlipe vizuri, na umpe kijana wa kufanya naye kazi.