Maji ya Ngarambe na Milima ya Iringa

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mwana wa pwani ya kusini, ilitoka mwaka 1969, na tangu hapo imesomwa zaidi kama mchezo wa vita: maji, bunduki, kushindwa. Usomaji huo haukosei, ila huacha swali moja zito likining'inia. Watu wakitenda jambo kwa pamoja na jambo likaharibika, mzigo unamwangukia nani?

Jawabu la Hussein limefichwa katika tarehe aliyoigeuza. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Boma la Mahenge lilishambuliwa tarehe 30 ya mwezi ule ule, naye akiwa kaburini kwa siku 26. Katika tamthilia, Kinjeketile yu hai baada ya Mahenge; amefungwa, na anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Mwandishi alikwisha kutanabahisha katika utangulizi wake kwamba huyu si yule wa historia. Wengi hulipokea neno hilo kama kuomba radhi. Sivyo. Hussein alimhitaji mtu wake abaki hai ili aulizwe. Mtu aliyenyongwa mwanzoni mwa vita hubebeshwa lawama zote, wala hana mdomo wa kujibu. Aliyebaki hai hujibu, na jibu lake huwarudia wote waliolipokea neno.

Na ni wengi waliolipokea. Tamthilia haianzi na mganga, inaanza na wanawake wenye njaa, waume zao wakiwa katika shamba la pamba la Mjerumani. Binti yake Kitunda anachukuliwa, na hofu inawafunga mikono watu wazima. Wanaume wakikutana, kabila linatazama kabila kwa jicho la pembeni. Maji yanawaondolea hofu na shaka hiyo kwa siku moja, jambo ambalo mashauri ya usiku hayakuliweza. Lakini Kinjeketile mwenyewe anaingiwa na wasiwasi juu ya maono yake, anawataka watu wangoje, nao hawangoji. Hapo neno limekwisha kuwa mali ya umma. Wapenzi wa tenzi, waliozoea shujaa mmoja na adui mmoja, pengine hawatastarehe hapa, kwani Hussein hampi msomaji mtu wa kumtupia kosa akaenda zake.

Hata hivyo, umoja unaooneshwa jukwaani ni umoja wa waliofika Ngarambe. Hakuna onyesho linalotupeleka Iringa, wala Usangu katika Mbeya ya leo. Msomaji wa Nyanda za Juu anaijua sehemu ya pili ya habari ya Mahenge: mnamo Septemba 1905, kikosi cha Iringa chini ya Kapteni Nigmann kilikwenda kulinusuru boma. Wahehe kwa jumla hawakuasi. Merere wa Usangu alibaki upande wa Wajerumani. Wabena waligawanyika: Mbeyela alishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe, ilhali Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde la Kilombero, alikuwa pamoja na boma.

Ni rahisi kuliita hilo usaliti, na wapo waliokwisha kuliita hivyo. Lakini Wahehe walikuwa wamepigana vita vyao tayari. Walikivunja kikosi cha Zelewski huko Lugalo mwaka 1891. Ngome ya Kalenga ikaanguka mwaka 1894. Mkwawa akajiua mwaka 1898. Katika miaka hiyo jirani yao Merere aliungana na Mjerumani dhidi yao, naye alikuwa na kisasi chake cha zamani, maana Wahehe ndio waliokuwa wamewafukuza watu wake Usangu. Maji yalipowafikia majirani zao, ilikuwa ni miaka saba tu tangu kifo cha Mkwawa.

Hapa ndipo tamthilia inapopungukiwa, na upungufu huo haufai kufunikwa kwa sifa. Hussein ameonesha kwa ustadi mkubwa jinsi dhima inavyoshirikiwa na walioitika mwito. Juu ya wasioitika, na sababu zao, kalamu yake imepita upesi. Askari wake wanatisha, wanapiga, wanatoa amri, walikotoka hakuulizwi. Nao hawakuwa Wajerumani. Walikuwa Waafrika, baadhi yao wageni kutoka Sudan, baadhi wenyeji wa nchi hii hii.

Kwa bahati njema, onyesho la mwisho lina nafasi ya kulijaza pengo hilo. Kinjeketile anakataa kulikana neno lake, na askari wapo naye chumbani. Mwongozaji atakayeipandisha tamthilia hii jukwaani Iringa au Mbeya hatahitaji kuongeza hata mstari mmoja. Itamtosha kuamua askari hao wazungumze kwa lafudhi ya wapi.