Ardhi Iliyochimbwa Hutibiwa Udongo Kwanza

Mchanga, kifusi na mawe ya Kibaha na Kisarawe vimetumika kuijenga Dar es Salaam, na nyuma yake yamebaki mashimo yasiyoota hata nyasi. Tiba tunayoikimbilia ni miche. Miche ikipandwa kwenye ardhi isiyo na uhai, kiangazi huimaliza.

Pwani yetu ina mfano wa kujifunzia. Mwaka 1971, huko Bamburi, Mombasa, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kurudisha uoto kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji: sakafu tupu ya matumbawe, jua kali, maji ya chini yenye chumvi. Kati ya aina 26 za miti alizojaribu, tatu tu zilihimili, mvinje ikiwamo. Mizizi ya mvinje huishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani. Hata hivyo, majani yake yaliyodondoka yalirundikana bila kuoza, kwa kuwa yana tanini nyingi. Haller aliona jongoo wakiyala, akawaleta kwa mamia. Kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria, mboji ikajengeka, na mimea mingine ikapata pa kuota. Kilichofufua Bamburi ni kurejea kwa mzunguko wa kuoza.

Kwetu Kibaha na Kisarawe ugonjwa ni mwingine. Mchanga hupitisha maji na virutubisho upesi. Udongo wa kaolini, kama ule wa Pugu, hushika virutubisho kidogo. Sakafu iliyoshindiliwa na malori huzuia mizizi, na matone ya masika huijengea gamba linalotiririsha maji.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ndio tiba. Kabla ya kuchimba, tabaka la juu la udongo litengwe kwenye marundo mafupi na lirudishwe mapema, maana lina mbegu na vijidudu. Kisha sakafu ipasuliwe kwa jembe la meno marefu, na makinga maji yachimbwe kwa kufuata kontua, yaani mistari ya kimo sawa. Udongo upimwe, chokaa iwekwe pale tu tindikali imezidi. Pumba za mpunga zichanganywe na mbolea ya kuku, ambayo wafugaji wa Kibaha wanayo, kwani pumba zikiwekwa peke yake vijidudu huzichakata kwa kuipora mimea naitrojeni. Juu yake yatandazwe matandazo. Vuli ipandwe marejea na kunde, nyasi za vetiva zishike kingo, na miti ifuate masika.

Wenye jukumu la kukagua machimbo nawasihi wabadili kipimo. Idadi ya miche iliyopandwa haitoshi kuthibitisha kwamba ardhi imepona. Wapime sehemu ya ardhi iliyofunikwa na mimea hai baada ya kiangazi cha pili, ndipo mchimbaji arudishiwe fedha zake za dhamana ya kurekebisha ardhi.